Tumbo Langu Lilimpigia Shemeji

Simu yangu ina vibatani, na sioni haya kuiweka mezani mbele za watu. Wanaotaka kucheka na wacheke. Nimechekwa nayo harusini, nimechekwa nayo matangani, hata mkunga aliyekuja kununua mbaazi tu aliitazama akaniuliza, "Bibi, hii yaingia mtandao kweli, au ni rimoti ya televisheni?" Nikamwambia yaingia mtandao, yasoma ujumbe, yapiga na picha, na akiendelea kuikodolea macho hivyo mbaazi zake zitapoa.

Mimi huuza mahamri na mbaazi za nazi hapa Msambweni, kwenye baraza ya nyumba yangu, na kukiwa na harusi hupika pilau. Tangu alfajiri mikono yangu imo ndani ya kitu: unga, tui, mafuta, majivu. Mtu wa kazi hii na simu ya kupangusa hawapatani. Niliwahi kuwa nayo moja, alininunulia binti yangu alipoanza kupata mshahara wa ualimu wa chekechea. Ilikuwa nzuri, jamani, pana, yang'aa. Lakini yalia wakati mimi nimo ndani ya unga. Napangusa kwa kidole, haitaki. Nafuta kidole kwenye leso, haitaki. Natafuta mahali pakavu mwilini mwangu, na mteja keshachoka, keshakata. Siku moja nikaipokea kwa pua. Ikapokea! Binti yangu aliponiona alicheka mpaka akakaa chini, na huku mteja yuauliza, "Mbona napumuliwa?"

Simu ile ilifia kwenye tui. Niliiweka juu ya rafu, ikalia, ikatetemeka, ikajisogeza yenyewe hadi ukingoni na kutumbukia kwenye sufuria ya tui la kwanza. Nikatia mkono nikaiopoa, nikasema inna lillahi. Binti yangu aliisikitikia simu. Mimi nililisikitikia tui, kwa sababu nazi zile nilikuwa nimezikuna mwenyewe na mgongo ulikuwa bado waniuma.

Ndipo nikaenda Ukunda, kwenye kibanda cha simu. Muuzaji alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, maneno yamtoka kama karanga mfukoni. "Mathe, karibu, chukua hii, iko na kamera tatu!" Nikamwambia mimi nina uso mmoja. Nataka simu ya kubonyeza, lakini iingie mtandao, kwa sababu grupu la familia lina maneno mengi na sitaki nisemwe bila kujua. Akacheka, akainama chini ya meza, akatoka na hii. "Basi hii ndio yako, mathe. Kadogo, lakini kanaingia kila mahali." Nikabonyeza kibatani kimoja kwa kidole gumba. Kikaingia ndani, kikatoa mlio, na tarakimu ikatokea. Moyo wangu ukatulia. Napenda kitu ambacho ukikibonyeza kinajua kwamba kimebonyezwa.

Sasa msidhani nitawadanganya. Ina kero zake, na zingine zaweza kumkufurisha mtu. Kuandika nayo ni ibada ya subira. Herufi moja waibonyeza hadi mara nne, na ukizidisha wapitiliza, warudi kuzunguka tena. Dada yangu wa Vanga akiuliza jambo kwenye grupu asubuhi, jibu langu lafika watu washakula mchana na mada ishabadilika. Wao wazungumza habari za msiba, mimi naingia na "Hongera sana, Mungu awape kizazi chema." Picha nazo, lo! Kioo chenyewe chalingana na biskuti. Nikitumiwa picha ya bibi harusi naona kitu cheupe kimesimama karibu na kitu cheusi, nasema mashallah, nangoja mtu aniambie yupi ni yupi. Picha nilizopiga mwenyewe ndizo mbaya zaidi. Nimewahi kuipiga sinia ya pilau ikatoka kama kifusi.

Lakini chaji! Naichaji leo, naisahau, wiki inapita mimi bado nazungumza. Wenye simu pana harusini utawaona wameinama ukutani wakitafuta soketi kama kuku wanaochakura. Ikianguka huokota betri hapa, mfuniko pale, naunganisha, yawaka, twaendelea. Spika yake, Mungu aniwie radhi, yaweza kuita watu msikitini. Tena hakuna mwizi anayeitaka. Niliisahau mara moja kwenye benchi la hospitali kutwa nzima, nikarudi nikaikuta palepale, na mtu alikuwa ameisogeza kando ili akae.

Kubwa zaidi ni kwamba yakaa pindoni. Wanawake wa huku pindo la leso ndilo mfuko wetu, ndilo benki yetu. Wakunja ukingo wa leso kiunoni, wasokota, wachomeka ndani, na kilichomo hakitoki hata ukicheza ngoma. Simu ya kupangusa ukiichomeka pale yateleza hadi mguuni. Hii yangu yakaa imetulia. Hasara yake ni moja tu, nayo ndiyo iliyotaka kuniua. Usipovifunga vibatani kwanza, yapiga simu yenyewe. Yangoja kuguswa tu, na kiunoni mwa mwanamke apikaye kuna mengi ya kuigusa. Kibatani cha kijani ukikigonga mara mbili champigia uliyezungumza naye mwisho. Iliwahi kumpigia muuza mchele wangu alfajiri, akanisikia nikiimba. Tangu siku ile akiniona huniuliza kama nitatoa kanda.

Sasa niwape kisa chenyewe.

Binti yangu ni mmoja tu. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado hajaanza shule, na aliyemtazama toka siku ile ni shemeji yangu, kakake marehemu, akaaye Majoreni. Karo alilipa yeye. Viatu vya Idi vilitoka kwake. Ni mzee mwenye minazi yake na mbuzi wake, mwenye maneno machache na msimamo mwingi. Na kwa dini yetu, msichana asiye na baba wala babu wala kaka, walii wake ni huyo baba yake mkubwa. Asipokubali, hakuna nikaha. Mimi mama naweza kupika, naweza kulia, naweza kununa mwezi mzima. Kuoza siwezi.

Kijana mwenyewe ni mtu wa bara, kwao Kitui, mtandika vitanda kwenye hoteli ndogo ya wageni hapa ufuoni. Alikuwa amesilimu zamani, kabla hajamjua binti yangu, kwa hivyo hilo halikuwa neno. Alikuwa mteja wangu. Kila asubuhi alinunua mahamri manne, kisha akaanza kununua manane, nikajua hii si njaa. Nilipogundua kwamba akinunua huangalia mlangoni badala ya kuangalia chenji, nikamuuliza binti yangu, na binti yangu akainama akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nikampenda yule kijana. Ana adabu, ana kicheko cha kitoto, na hachagui kazi.

Kosa lake ni ushujaa. Huku kwetu mtu hajiposei. Kijana hukaa kwao akajificha, na wazee wake ndio wanaokwenda, wakaamkiana, wakanywa kahawa, wakazunguka maneno wee mpaka wakafika. Yeye, bila kutuambia, siku yake ya mapumziko akapanda pikipiki hadi Majoreni peke yake, akamkuta shemeji akifunga mbuzi, akamwambia, "Habari yako, mzee. Nimekuja kuoa binti yenu." Hakuna shikamoo, hakuna salamu za nyumbani, hakuna kukaa. Alidhani anaonyesha heshima kwa kuja mwenyewe.

Shemeji akamuuliza, "Watu wako wako wapi?"

"Nimekuja mwenyewe, mzee."

"Basi rudi mwenyewe."

Habari ikafika kwangu kabla pikipiki haijafika. Nikampigia shemeji, nikambembeleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wewe wajua nakuheshimu. Lakini mtu asiye na mtu, siku akimpiga binti yetu, tutamshtakia nani? Tutakwenda kuyashtakia mataulo?" Kwa sababu alishasikia kwamba kijana hukunja mataulo ya wageni yakawa bata na ndovu, na jambo hilo lilimkera kuliko yote. "Mwanamume mzima," akasema, "atengeneza bata."

Binti yangu hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Aliniambia, "Mama, baba mkubwa asipokubali siendi. Amenilea, sitamwibia harusi yangu. Lakini mwingine simtaki, msiniletee." Akaenda kusahihisha michoro ya watoto wake wa chekechea, na sahani yake ya wali ikabaki pale. Nikaona nitakuwa na mwana mtiifu asiyekula, na shemeji mwenye haki asiyesogea, na mimi niko katikati na mwiko wangu.

Nikajaribu tena na tena. Jumamosi moja, nikiwa na mahamri ya harusi ya mtu ya kukanda, nikampigia asubuhi. "Neno langu ni lilelile," akasema. "Wasalimie." Kisha akanyamaza akingoja nikate mimi. Shemeji hakati simu. Kwake kumkatia mtu simu ni sawa na kumfungia mlango usoni, kwa hivyo hukaa na simu sikioni hadi mwenzake aondoke mwanzo. Nikakibonyeza kile chekundu kwa hasira, nikaichomeka simu pindoni bila kuifunga, nikauendea unga.

Binti yangu alikuwa ametoka kwenda sokoni. Mara hodi, nani? Kijana. Amekuja na mapumziko yake, amekunja suruali, aulizia mbuzi ya kukunia nazi iko wapi.

Nikamwambia, "We mwana, umeshakataliwa. Waja kufanya nini?"

"Mama, nimekataliwa kuoa," akasema. "Sijakataliwa kukuna nazi."

Akakaa juu ya mbuzi, mwanamume mzima, akaanza kukuna, na nazi yamwagika nyeupe kwenye ungo. Mimi niko mbele ya karai kubwa la unga, nakanda kwa ngumi, nainama nainuka, tumbo lagonga ukingo wa meza. Na tumbo langu, kama mjuavyo, si dogo. Vibatani vya pindoni vikapata vilichokuwa vikikingoja. Sikusikia kitu.

Kilichosikika ni mimi. Wallahi, siku ile nilimsema shemeji! Nilisema ana kichwa cha jiwe la kusagia. Nilisema ajifanya kadhi wa pwani nzima. Nilisema zile ndevu zake na za mbuzi wake zilizaliwa siku moja. Unga ulivyokuwa ukilainika ndivyo ulimi wangu ulivyokuwa ukilainika. Nikafika hata kwenye siri za familia. Nikasema, "Ajidai ajua sana mambo ya kuposa! Yeye mwenyewe alikataliwa Funzi mara mbili. Mara mbili! Watu wa Funzi wakimwona aja wafunga madirisha!"

Kijana akaacha kukuna. "Mama," akasema, "usimseme mzee hivyo."

"Nimsemeje? Amekufukuza kama kuku!"

"Ameniuliza watu wangu wako wapi. Hilo ni swali la haki." Akaendelea kukuna polepole, akizungumza kwa kile Kiswahili chake cha bara. "Mimi baba simjui. Siku nimetoka nyumbani kuja huku, hakuna mtu aliniuliza naenda wapi. Dada yangu alichukuliwa na mtu wa barabarani, hakuna mtu aliuliza huyu ni nani, anatoka wapi. Saa hii ananipigia simu akilia, na hakuna mzee wa kwenda kumtetea. Mzee wa Majoreni ameuliza. Mimi kama dada yangu angekuwa na mtu mkali hivyo mlangoni, ningeshukuru Mungu. Akinirudisha mara mia, nitarudi mara mia, lakini usimseme, mama. Binti yako ana bahati."

Nikamwambia akune vizuri, asikwangue hadi kwenye kifuu. Nilikuwa nikilia ndani ya unga, na sitaki kujua kama chumvi ilizidi.

Tulipomaliza nikataka kumpigia mwenye harusi nimwambie mahamri yako tayari. Simu ikanijibu kwamba kredi imekwisha. Imekwishaje, na asubuhi nimetia? Nikafungua orodha ya simu zilizopigwa. Pale juu, mwenzangu, jina la shemeji, na muda wake mrefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Nikakaa juu ya gunia la mchele wa watu.

Binti yangu aliporudi akanikuta hapo. "Mama, umefiwa?"

"Afadhali."

Nikamweleza. Akaweka kapu chini. "Ulisema nini hasa, mama?" Nikaanza kumtajia. Kwenye ndevu akafumba macho. Kwenye Funzi akaketi sakafuni. "Na madirisha ulisema?" Nikamwambia na madirisha. Kijana amesimama pale na ungo wake, rangi imemtoka, kwa sababu na yeye ameelewa kwamba alichosema kuhusu dada yake kimesikiwa na mtu aliyemwambia arudi mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki. Sisi sote watatu tuliitazama ile simu juu ya meza, nayo imetulia na vibatani vyake, haina habari.

Shemeji alikuja Jumatatu. Sikumwita. Nilimwona anashuka barabarani na kanzu yake na mfuko wa mihogo, nikaingia ndani, nikatoka, nikaingia tena. Mwisho nikaona maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikatoka.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Akakaa barazani. Nikamletea chai, nikamletea mahamri yaliyoumuka kuliko yote, nikamletea mbaazi zenye tui la kwanza tupu. Akala. Hakuna aliyewahi kula polepole vile. Alipanguza kidole kimoja kimoja. Kisha akaitazama barabara, akasema, "Si mara mbili."

"Naam, shemeji?"

"Funzi. Nilikataliwa mara moja. Mara ya pili sikwenda kuposa, nilikwenda kununua samaki."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikasema, "Nisamehe, shemeji. Ulimi hauna mfupa." Akasema, "Wako una injini." Na hapo nikaona masharubu yake yatikisika, nikajua hatanila.

Akanywa chai hadi chini. Akaniambia kwamba siku ile alipopokea alisema haloo haloo, akasikia vishindo tu, akadhani ninapigwa. Ndiyo maana hakutaka kukata, mbali na kwamba hakati. Kisha akasikia yote. Alikuwa amesimama zizini na kamba ya mbuzi mkononi, na mbuzi akamtoroka, naye asimfuate.

"Yule dada yake," akasema. "Yuko wapi?"

Nikasema yuko bara, sijui hasa wapi.

"Mwite kijana anipe namba yake. Nataka kuzungumza na huyo mume. Sina haja ya kugombana naye. Nataka ajue tu kwamba yule mwanamke ana mtu."

Mimi nikaingia jikoni nikajifanya natafuta sukari. Mzee yule nilikuwa nimemwita jiwe la kusagia.

Lakini msidhani alilegea. Nilipotoka, nikamuuliza kwa upole, "Na habari ya posa, shemeji?" Akasimama, akachukua mfuko wake. "Posa huletwa na watu. Mtu hajiposei, hilo halibadiliki kwa ajili ya simu. Ijumaa baada ya alasiri nitakuwa hapa kwako, nitakaa nipokee. Kijana asije. Kijana hukaa kwao."

"Lakini shemeji, atamposea nani? Wajua hana watu."

"Hilo si swali la mwenye nyumba," akasema, akaenda zake.

Mwenzangu, wiki ile! Kijana alizunguka hoteli nzima akitafuta wazee. Msimamizi wake alikuwa zamu. Mlinzi alikubali, kisha akakumbuka ana kesi ya ng'ombe kwao Lunga Lunga. Aliyebaki ni rafiki yake mpishi, mtu wa Kisii, mcheshi, ambaye hajawahi kuvaa kanzu maishani mwake. "Mama, mtu mmoja ni watu?" kijana akaniuliza. Nikamwambia Mungu ni mwema, lakini usiku sikulala. Nilijua jibu la shemeji. Angemtazama yule mpishi, angeuliza swali lake lilelile, na safari hii mlango ungefungwa binti yangu akiwa ndani.

Ijumaa ikafika. Nilipika kahawa, nikatandika mkeka mpya, binti yangu nikamweka chumbani. Kijana, kwa kuwa hana kwao pa kujificha, nikamficha jikoni kwa jirani. Shemeji alifika peke yake, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono, miwani. Akakaa upande wa wenye nyumba, mgongo umenyooka. Tukangoja. Kahawa ikapoa, nikaipasha. Nikachungulia njiani: mbuzi, mtoto na tairi, basi. Shemeji hakutazama saa hata mara moja. Kutoka chumbani sikusikia hata mkwaruzo.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Sauti ya watu wengi. Nikakimbilia mlangoni, na pale mlangoni nikaganda. Aliyesimama mbele alikuwa mdogo wake shemeji. Nyuma yake wana watatu wa shemeji, waliokula mahamri yangu toka hawajaota meno, kila mmoja na kanzu. Nyuma yao mke wa shemeji, wifi yangu mimi, na sinia kichwani imefunikwa kitambaa cha dhahabu. Kisha majirani wa Majoreni, wanaume kwa wanawake, na katikati yao yule mpishi wa Kisii ndani ya kanzu ya kuazima iliyomfika magotini, ashangaa kama mimi. Wote nyuso wamezikaza, kana kwamba hawajawahi kuniona.

"Jamani!" nikasema. "Mbona hamkuniambia mwa..."

Shemeji akakohoa ndani. Nikafunga mdomo. Nikasema, "Karibuni, wageni," nao wakaingia, wakavua viatu, wakakaa upande wa pili wa mkeka, wakimwelekea. Wana wa shemeji wakaketi mbele ya baba yao wakimtazama kama mtu baki.

"Karibuni," akasema shemeji. "Mwatoka wapi?"

Mdogo wake akasafisha koo. "Twatoka Majoreni."

"Majoreni ni mbali. Ni heri?"

"Ni heri. Tuna kijana wetu. Ameona kitu hapa kwenu amekipenda, nasi tumekuja kukiomba kwa adabu."

"Mwamjua vizuri huyo kijana?"

"Twamjua."

Shemeji akageuza kichwa, akamtazama kila mmoja wao, mpaka mpishi. Nilimwona binti yangu amefungua mlango wa chumba kidogo, jicho moja tu.

"Mimi nina binti," akasema shemeji. "Baba yake hayuko. Nimemlea mimi. Siku huyo kijana wenu akimkosea, nije nimshtakie nani?"

Mmoja wa wale wana aliuma mdomo akatazama mkeka. Mdogo wake shemeji akavuta pumzi.

"Uje unishtakie mimi, kaka," akasema. "Kwangu wapajua. Ni nyumba ya pili kutoka kwako."

Shemeji akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaivaa, akaivua tena.

"Napajua," akasema. "Tumekubali."

Ilikuwa tungoje fatiha. Mimi sikungoja. Nilipiga kigelegele kilichowaondoa kunguru mnazini, wifi akakidaka, binti yangu akaanza kulia na kucheka chumbani, na kwa jirani tukasikia sufuria ikianguka. Kijana alitoka mbio bila viatu, akavuka ua, akaingia katikati ya watu mahali ambapo siku ile hakutakiwa kuonekana kabisa. Shemeji akasogea kidogo kwenye mkeka ili kijana apate pa kukaa.